Chini ya Rangi ya Mateka

Jumatatu, 3 Machi

Gari la Baba limefika! Limeburutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la mzee wa vyuma chakavu, tairi tatu hazina upepo, ya nne haipo kabisa. Nimeacha gari la mteja limepakwa rangi ubavu mmoja tu, nikakimbilia getini na barakoa yangu ya kazi bado usoni. Mzee wa vyuma chakavu akaruka nyuma, akidhani ni jambazi. Mwoga yule!

Mimi na yeye tulishaelewana: nilimpakia rangi lori lake zima, mpaka ngazi, na yeye akanipa hili. Mume wangu anasema nimepunjwa. Mume wangu ni fundi wa injini, na fundi wa injini haelewi kitu kisichounguruma.

Baba alisimama barazani tangu asubuhi, koti lake la zamani mwilini. Jicho la kushoto halioni tena, la kulia linasuasua. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akapapasa herufi zilizopakwa pale, NY 7, kwa kidole, taratibu. NY ni nyara. Akasema, ndilo hili mwanangu, ndiye Mateka wangu. Kisha akapiga saluti! Kofia ikaanguka kwenye dimbwi la oili. Nikajifanya naangalia tairi, maana machozi yalishaanza kunitoka.

Sasa mambo ya kuandika, kabla sijasahau. (Daftari hili ni la michanganyiko ya rangi, ila kurasa za nyuma ziko tupu.) Makumbusho ya jeshi yanafungua ukumbi mpya tarehe 14 Aprili, miaka hamsini kamili tangu Baba aliteke gari hili vitani kule mpakani. Watamchukua Mateka, wamweke katikati ya ukumbi, na chini yake kibao cha shaba chenye jina la Baba. Sharti moja tu: fomu ya Historia ya Utumishi wa Gari ijazwe, na kila safu iwe na hati ya kuithibitisha. Safu zenyewe kumi na mbili! Hata mimi sijawahi kuulizwa mambo mengi kiasi hicho, na nimeolewa.

Baba amesema anataka kukisoma kile kibao mwenyewe kabla jicho lililobaki halijazimika. Alisema huku anachekacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkalisha Baba anisimulie kisa upya ili nijaze safu ya nne, "Jinsi gari lilivyopatikana". Nakijua kisa hiki kuliko ninavyojua namba yangu ya simu, lakini fomu ni fomu.

Asubuhi ya ukungu. Yeye na rafiki yake (marehemu sasa) wametumwa kuchota maji. Ghafla, gari la adui kwenye kona, rangi ya kijivu, limezima. Adui thelathini wamelizunguka. Baba anapiga kelele, mikono juu! Adui wanatoka nduki. Baba anaingia, anakuta adui ni maskini mpaka swichi ya kuwashia hana, ameweka mpini wa kijiko. Anawasha. Nyuma kumejaa mikate. Kambi nzima inakula mikate ya adui siku mbili. Jioni yake Baba anakuwa Koplo, na hilo ndilo jina lake mpaka leo.

Zamani adui walikuwa ishirini. Nimeandika thelathini.

Kisa kilipoanza tu akaingia Baba Mkwe na kikapu chake. Baba mzaa mume wangu, mwokaji mstaafu wa jeshi, bado anaoka kwa mazoea na kutugawia. Alipoona kimefikia penye ukungu, akakaa kwenye kiti, akafumba macho, akaanza kukoroma. Hajalala! Mtu aliyelala hatingishi mguu. Ndiyo desturi yao. Baba Mkwe naye ana kisa chake cha vita, jinsi alivyoponea chupuchupu kwenye shambulio, na akikianza tu Baba hukoroma vilevile. Miaka ishirini na minane ya ukwe, hakuna aliyewahi kusikia kisa cha mwenzake mpaka mwisho.

Baba alipomaliza, Baba Mkwe "akaamka", akatoa mkate. Baba akamega, akatafuna, akasema yale yale ya siku zote: mkate mzuri, Mwokaji, ila haufikii wa adui. Baba Mkwe akafunga kikapu, akaondoka bila kuaga. Hata kulitazama gari alikataa. Akasema hawezi kulisogelea gari la kujisifia.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimekwangua mlango wa kulia. Afisa wa makumbusho alisema picha ya rangi asili ya adui itapamba maonyesho, na kukwangua ndiyo kazi yangu.

Juu: kijani cha jeshi letu, kimepauka. Chini yake: kijani tena. Chini yake, loo, kijivu! Nikamwita Baba kwa sauti iliyowatoa majirani. Baba akaja mbio, akabandika pua kwenye mlango. Si nilikwambia! Si nilikwambia!

Lakini mimi ni fundi rangi mwaka wa ishirini na sita. Kijivu gani hiki? Hakina mng'ao, hakina praima, kinabomoka kama ukoko wa uji. Nikakimwagia maji. Kikavimba! Kikawa kama gundi, kikaninata vidoleni. Sijawahi kuona rangi ya gari inayovimba kwa maji. Na yule aliyepaka kijani juu yake hakuosha, hakupiga msasa, hakufanya lolote. Amepaka juu ya uchafu! Kama yu hai nampa pole, kama amekufa na alale salama, ila kazi yake ni ya aibu.

Na chini ya kijivu? Kijani. Kijani kilekile cha jeshi letu.

Sikumwambia Baba. Alikuwa ameshaingia ndani kumpigia simu mjomba kutangaza kijivu.

Jumatatu, 10 Machi

Masjala ya jeshi. Jengo refu, korido ndefu, na dada wa masjala anayenong'ona ingawa tuko wawili tu. Nami nikajikuta nanong'ona. Tumenong'onezana saa tatu nzima, koo limenikauka.

Kumbe magari yaliyopatikana yaliandikwa kwenye daftari la chumba cha kushoto, yaliyopotea kwenye daftari la chumba cha kulia. Karani wa kushoto na karani wa kulia hawakuwa wanasemeshana. Mmoja alimchukulia mwenzake kiti siku ya kwanza ya kazi. Kiti! Dada anasema hawakusemeshana mpaka wakastaafu, na vita vyote vikapita katikati yao.

Leo tumeona daftari la kushoto. Nimelipata! "NY 7. Tarehe 14 Aprili. Limetekwa kutoka kwa adui." Na jina la Baba, kwa wino mweusi, mwandiko wa kupendeza. Namba ya chasisi imeandikwa pembeni. Nimeifananisha na ile niliyoikopi chini ya boneti: ndiyo hiyohiyo, tarakimu kwa tarakimu. Nimempigia Baba palepale koridoni. Dada akanikemea kwa mnong'ono.

Kesho narudi. Safu ya tatu ya fomu inauliza kama gari liliwahi kuwa na mmiliki mwingine. Dada anasema kwa usalama tutupie jicho na daftari la kulia.

Jumanne, 11 Machi

Bora nisingelitupia jicho.

"Gari la mikate, Kikosi cha Tanuri, watu wawili ndani. Tarehe 14 Aprili. Limetekwa na adui baada ya mapambano makali." Namba ya chasisi ileile! Nimeisoma mara nne, dada akaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya kawaida.

Gari letu. Gari la jeshi letu wenyewe. Siku ileile, limepotea chumba cha kulia na limepatikana chumba cha kushoto.

Halafu mstari wa mwisho. Dereva aliyenusurika. Jina.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Dereva ni Baba Mkwe.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbili sikuweza kumwambia mume wangu. Nilijaribu juzi, nikaishia kumwambia rangi nyeupe imekwisha. Leo nimembana gereji, kichwa chake kikiwa ndani ya injini ya Mateka, nikamsomea nakala zote mbili.

Amecheka! Amecheka mpaka akagonga kichwa kwenye boneti, akakaa chini kwenye oili, akacheka tena. Baba yangu alimteka baba yako... hapana, baba yako alimteka baba yangu! Akashika mbavu. Kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogokidogo.

Akasema, unajua Mzee wangu hajashika usukani tangu siku ile? Sikujua. Nilidhani ni ubishi wake tu, kwenda kila mahali kwa miguu na kikapu begani. Mume wangu anasema utotoni aliwahi kumuuliza, na Mzee akajibu kwamba mtu aliyeacha gari la watu njiani hastahili kupewa jingine. Basi.

Nami ndipo nikaelewa kile kijivu. Nilipiga magoti, nikaingiza bisibisi chini ya sakafu ya nyuma, nikachokonoa. Kitu cheupe kigumu kama saruji. Nikakiloweka. Unga! Mateka amepakwa unga! Karakana ya jeshi imepaka kijani juu ya unga! Nimekasirika upya. Hivi hata kuosha?

Tumekubaliana: midomo tufunge. Baba akijua aliteka mikate ya wenzake, kibao hakitamfaa kitu hata akikisoma. Na Baba Mkwe akijua aliyemkimbiza ni Koplo, na ndoo ya maji mkononi! Mume wangu anasema baba yake hatakanyaga tena kwetu. Mimi naogopa zaidi kwamba hatatoka tena kwake.

Jumapili, 16 Machi

Chakula cha mchana, wote mezani. Nikajitia kuuliza kwa ajili ya fomu.

Baba, adui walikuwa wangapi vile? Thelathini na watano. (Wameongezeka tangu wiki jana.) Na wewe baba mkwe, siku ile yako, waliokushambulia? Arobaini, wenye bunduki za rashasha, usiku wa manane, mvua inanyesha. Baba akaanza kukoroma. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nimepiga hesabu nikiosha vyombo. Thelathini na watano na arobaini, sabini na watano. Waliokuwepo ni wanne. Wawili walipiga kelele, wawili walikimbia.

Sina raha hata kidogo. Natamani nisingejua kusoma.

Jumatano, 19 Machi

Afisa wa makumbusho kapiga simu. Mpole, sauti kama ya mtangazaji wa taarifa za vifo. Anasema naye ameomba nakala kutoka masjala, daftari zote mbili, kwa utaratibu wa kawaida tu. Zitamfikia Ijumaa. Jumamosi atakuja kuhakiki namba ya chasisi kwa macho yake na kuchukua maelezo ya Koplo. Kama zinalingana, kibao kinakwenda kuchongwa Jumatatu.

Nikamwambia karibu sana. Nikakata simu, nikapiga teke debe la rangi. Lilikuwa limejaa. Sakafu ya gereji sasa ni buluu bahari na kidole changu kimevimba.

Alhamisi, 20 Machi

Nitaandika yote, hata ya aibu.

Asubuhi mume wangu alikwenda kutafuta kifaa cha breki za nyuma. Injini ya Mateka inawaka tangu juzi, tairi nne tumeazima, breki za nyuma bado. Baba alikuwa amelala. Nikachukua grainda. Namba ya chasisi iko chini ya boneti, upande wa kushoto, tarakimu tisa. Dakika mbili za grainda kuzisaga, pati kidogo ya kuziba, praima, kijani. Hakuna afisa duniani angegundua. Kazi yangu ni safi, mimi sipaki juu ya unga.

Nikawasha. Nikaizima. Nikawasha tena. Mkono haukutaka. Nilikuwa nimesimama pale kama mwizi kwenye gereji yangu mwenyewe, nalia kwa hasira, nikasikia mtu anakohoa nyuma.

Baba Mkwe. Kikapu begani. Alikuwa amepitia mlango wa nyuma ili asilione gari, na gari lilikuwa palepale mbele ya mlango wa nyuma kwa sababu sakafu ya mbele ina rangi!

Akasema, unalia nini mkwe wangu? Nikaficha grainda mgongoni. Akaweka kikapu chini. Akatazama mlango niliokwangua, kile kijivu. Akakigusa, akakisugua kati ya vidole viwili, kama anavyosugua unga sokoni kabla hajakubali kununua. Kisha akafungua mlango wa dereva. Hakuangalia chini ya dashibodi. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukashika mpini wa kijiko.

Akasema polepole: hiki nilikichomelea mimi.

Nami, mpumbavu, nikasema, ndiyo baba.

Akakaa kwenye kiti cha dereva. Nilidhani anakufa. Nikamkimbilia na maji, akayakataa. Akaniambia gunia la unga lilipasuka juu ya turubai, manyunyu yakaja, gari zima likawa kama limepakwa. Alisema hivyo tu, kwa utulivu, kama anayenipa kipimo cha mkate. Wala si usiku. Wala hakukuwa na mvua. Manyunyu.

Na nani katokea mlango wa ndani, kiatu mguu mmoja tu? Baba. Alisimama muda gani pale, sijui. Lakini masikio yake hayana tatizo.

Baba Mkwe hakugeuka. Akauliza, Koplo, mlikuwa wangapi?

Baba akaegemea mlango. Akasema, wawili. Na nyie?

Wawili.

Nikasikia kengele ya baiskeli nje, na maji yanadondoka bombani.

Baba Mkwe akauliza, ulisema mikono juu kwa lugha gani? Baba akasema, kwani mimi najua lugha ngapi? Hii hii. Baba Mkwe akatikisa kichwa. Kumbe nilikimbia lugha ya mama yangu. Niliposikia mikono juu, iliyoinuka ni miguu.

Siku nyingine ningecheka mpaka nizimie. Baba hakucheka. Alisema, nilikuwa natetemeka, Mwokaji. Nilipiga kelele kwa sababu nilikuwa naogopa. Mlivyokimbia ndiyo nikawa jasiri. Sijawahi kumsikia akisema hivyo maishani, hata kwa marehemu mama.

Baba Mkwe akashuka, akachukua kikapu, akatoka. Baba akarudi chumbani, akajifungia.

Grainda nimeirudisha kabatini.

Ijumaa, 21 Machi

Baba hajala. Nimegonga mara sita. Mara ya sita akajibu kwamba makoplo hawapo nyumbani.

Baba Mkwe hajaoka. Mume wangu amekwenda kwake, amekuta tanuri la baridi na Mzee anapangua mfuko wa sandarusi wa nguo za zamani. Hakumwambia anatafuta nini.

Mimi nimepaka rangi mlango wa gari la mteja mara mbili kwa rangi isiyo yake.

Mume wangu anasema ni kosa la makarani wale wawili na kiti chao. Nimemwambia ni kosa langu, nani alinituma chumba cha kulia? Tumegombana kidogo. Tumepatana kidogo. Amelala, mimi siwezi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika langoni, nimekalia debe. Saa sita na robo mchana. Nianze mwanzo maana kichwa kinazunguka.

Afisa alifika saa nne kamili, suti, mkoba, na fomu yangu imejazwa upya kwa mashine. Nakala mbili zimebanwa pamoja kwa klipu. Alikwisha kuona. Alisema kwa ile sauti yake kwamba kuna tofauti ndogo kati ya daftari la kulia na la kushoto. Ndogo! Akauliza anaweza kuzungumza na Koplo.

Baba akatoka chumbani bila kuitwa. Sare kamili. Vifungo vitatu vya tumbo vimegoma, amevificha kwa mkono. Amenyoa, amejikata kidevu mahali pawili. Akasema, kijana, mimi si... Akakwama hapo. Nilitaka ardhi inimeze mimi badala yake.

Geti likagongwa. Baba Mkwe! Bila kikapu. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kikapu, nikamwona mfupi. Amevaa shati la jeshi la jikoni, jeupe zamani, limekunjika mistari ya sandarusi. Hakumsalimia afisa. Akasimama mbele ya Baba, wote wawili wima, wazee wa karibu miaka themanini, mmoja haoni vizuri na mwingine anapumua kwa shida kwa kupanda kilima.

Akasema, Koplo. Umekula?

Baba akasema, sijala tangu juzi.

Mimi pia.

Baba akamgeukia afisa. Tupe dakika tano mimi na mkwe mwenzangu. Wakaingia ndani ya Mateka, wakafunga milango, wakapandisha vioo. Kioo cha kushoto hakipandi mpaka juu, nikasogea kwa kisingizio cha kufuta vumbi. Baba akanyoosha mkono, akakiziba kwa kofia.

Dakika tano. Dakika kumi. Afisa akanywa chai. Dakika ishirini na tano. Mara ishara za mikono, mara kichwa cha Baba kimeinama, mara Baba Mkwe anaelekeza kidole mbele kama anaonyesha kona ya barabara. Mara mmoja wao alikuwa analia na mwingine anampiga mgongo. Kioo kina vumbi, sikuweza kujua nani ni nani. Kisha nikasikia kicheko. Vicheko viwili! Gari lilikuwa linatikisika. Mume wangu akanishika bega, akasema, mke wangu, wamesikilizana mpaka mwisho.

Ndipo injini ikawaka.

Mume wangu akapiga ukelele, breki! Breki za nyuma bado! Nani alimsikia? Mateka akarudi nyuma kidogo, akang'oa kamba yangu ya nguo, akakohoa moshi, akatoka getini na mashuka mawili yakipepea nyuma. Kwenye usukani alikuwa Baba Mkwe. Nimemwona kwa macho yangu. Mikono yote miwili juu ya usukani, amekunja uso kama mtoto wa darasa la kwanza. Pembeni yake Baba, kichwa nje ya dirisha, haoni hata nguzo ya umeme, anamwelekeza njia.

Afisa alikimbia nyuma yao mpaka kona na kikombe mkononi. Karudi na kikombe kitupu. Mume wangu kachukua pikipiki ya jirani, kawafuata. Hajarudi.

Nimepiga simu ya Baba. Imepokelewa. Mngurumo mtupu, na katikati yake Baba anapaza sauti, kushoto! kushoto nimesema! Na Baba Mkwe anajibu, dereva nani hapa, mimi au wewe? Nikapiga kelele, baba, mko wapi? Breki! Baba akasema, usitusumbue binti, tuko kazini. Akakata.

Saa nzima sasa. Afisa kakaa kwenye debe la pili, suti ina rangi ya buluu makalioni, sijamwambia bado. Fomu iko gotini. Amefuta safu ya tatu, amefuta safu ya nne, amefuta kwa mpira mpaka karatasi imetoboka. Amefikia ya tano: "Dereva". Ananiuliza aandike jina la nani.

Nimemwambia la baba mkwe wangu, kwa sasa. Amefungua kalamu ya wino. Nimemnyang'anya, nimempa penseli.